Vyumba vya Murara: kweli na uongo kuhusu wageni, msimu na pesa

Mtu mwenye vyumba viwili vitatu vya ziada Goma hakosi jirani wa kumpa hesabu hii: acha kupangisha kwa mwezi, laza wageni kwa usiku. Dola 20 mara usiku 30, hizo ni dola 600. Hesabu yenyewe haina kosa la kuzidisha. Kosa lake ni kwamba inadhani mwezi wa Murara una usiku 30 wa kuuza, na kwamba kila dola inayoingia inabaki. Wapo waliouza ng'ombe, wapo walioingia deni la likelemba, yaani chama cha kuchangiana pesa, wakapiga rangi na kununua magodoro kwa sababu ya hesabu hiyo. Ndiyo maana maneno haya yanayozunguka mjini yanastahili kupimwa moja moja, bila haraka.

Murara ni mtaa wa komine ya Karisimbi, jirani na Birere na uwanja wa ndege, mahali ambapo lava ya volkano ya Nyiragongo ilipita tarehe 17 Januari 2002 na watu wakajenga upya juu yake. Kuta nyingi ni za mawe yale yale meusi yaliyounguza nyumba za kwanza. Vyumba vyake havitazami ziwa kama vya Himbi. Anayelala Murara ni mfanyabiashara wa Butembo aliyekuja kuchukua bidhaa, mwanafunzi anayefuatilia hati, mgonjwa na ndugu yake waliokuja kumwona daktari, au msafiri anayesubiri boti la Bukavu. Tukisema soko la wageni wa muda mfupi, tunawasema hawa.

"Msimu mkubwa ni Julai na Agosti, kama kwingine." Uongo.

Hili limeazimwa kutoka pwani. Zanzibar msimu unafuata mvua: wageni wanajaa kuanzia Juni hadi Oktoba, wanarudi Desemba hadi Februari, na masika ya Aprili na Mei baadhi ya hoteli hufunga kabisa. Goma iko karibu na mstari wa ikweta, juu ya mita 1,450, na joto lake halibadiliki sana mwaka mzima. Kiangazi cha Juni hadi Agosti kipo, na kweli huleta harusi na watoto wa diaspora wanaokuja kuwaona bibi zao. Lakini wengi wao hulala kwa bibi.

Kinachoamua usiku wa Murara ni milango minne: uwanja wa ndege, mpaka, barabara na benki. Mmoja ukifungwa au ukibadilisha saa, daftari la wageni linabadilika wiki hiyohiyo. Mfano mzuri ni Juni 2022. Baada ya askari wa Kongo kuuawa upande wa Rwanda tarehe 17 mwezi huo, mpaka na Gisenyi ulianza kufungwa saa tisa alasiri. Aliyezoea kuvuka jioni baada ya kuuza mzigo wake akajikuta anachagua mambo mawili: kufunga meza mchana, au kutafuta kitanda Goma. Hakuna mvua wala likizo iliyoleta usiku ule. Uliletwa na saa iliyoandikwa kwenye ubao wa mpakani.

Vivyo hivyo barabara. Waasi wa M23 walipochukua Rutshuru na Kiwanja mwishoni mwa Oktoba 2022, njia ya taifa namba 2 kuelekea Butembo ikakatika kwa biashara ya kawaida. Aliyekuwa anakuja kwa lori na kulala usiku mmoja akaanza kuja kwa ndege, na ndege ikiahirishwa analala siku tatu. Safari zikapungua, kila safari ikawa na usiku mwingi zaidi. Mwenye chumba aliyekuwa anahesabu vichwa tu alidhani soko limekufa, na aliyekuwa anahesabu usiku aliona jambo jingine kabisa.

Sherehe zina nafasi yake, lakini ndogo kuliko inavyosemwa. Tamasha la Amani, lililoanza Februari 2014 katika Chuo cha Mwanga, lilijaza vitanda vya mji kwa siku tatu. Siku tatu katika 365 hazilipi mkopo wa magodoro.

"Vita ikianza, wageni wanaisha." Kwa miaka thelathini ilikuwa uongo. Halafu ikawa kweli.

Hapa inabidi tukae, kwa sababu ndipo watu wengi wa mji huu walipojifunza somo moja na kulitumia mahali pasipofaa.

Julai 1994, katika siku chache, karibu watu milioni moja walivuka kutoka Rwanda. Kipindupindu kikawaua kwa maelfu. Nyuma yao wakaja madaktari, madereva wa malori, waandishi wa habari na mashirika kwa makumi, na wote walihitaji paa. Mwaka 1999 ukaja ujumbe wa Umoja wa Mataifa, MONUC, ambao mwaka 2010 ulibadilika kuwa MONUSCO. Baada ya lava ya 2002 wakaja wajenzi na wataalamu wa volkano. Ebola ilipotangazwa Kivu ya Kaskazini Agosti 2018, uratibu mkubwa wa mapambano ulikuja kuwekwa Goma, na mgonjwa wa kwanza wa mjini akagunduliwa Julai 2019. Kila msiba ulileta magari meupe, na kila gari jeupe lilileta dereva, mkalimani na fundi ambao shirika halikuwalipia hoteli ya ziwani. Hao ndio waliolala Murara.

Watafiti Karen Büscher na Koen Vlassenroot waliandika mwaka 2010 jinsi uwepo wa mashirika ulivyoubadilisha mji: nyumba, kazi, ulinzi, hata ramani ya nani anaishi wapi. Kwa hiyo aliyesema "matatizo yanaleta wageni" hakuwa mwenda wazimu. Hata Novemba 2012, M23 walipoingia mara ya kwanza na kukaa siku kumi na moja hivi, mji uliamka haraka. Uwanja na mabenki vilirudi kazini, na vyumba vikajaa tena.

Mwishoni mwa Januari 2025 mambo yalikwenda kwa njia nyingine. M23 waliuchukua mji, uwanja wa ndege ukafungwa, na mabenki yakafunga milango. Hapo ndipo kanuni ya miaka thelathini ilipovunjika, kwa sababu zile shida za nyuma zilileta watu kupitia milango iliyobaki wazi. Safari hii milango yenyewe ndiyo iliyofungwa. Anayetaka kwenda Kinshasa akalazimika kupitia Kigali, na usiku wake wa kusubiri ndege ukahamia huko. Anayetaka kwenda Beni akazunguka Rwanda na Uganda. Kitanda chake cha njiani kikawa Kisoro au Kasese, wakati Murara kitanda chake cha zamani kimetandikwa na hakuna wa kukilalia.

Pesa nayo ikawa shida peke yake. Benki zikiwa zimefungwa, noti zikapotea sokoni, na malipo yakahamia kwenye simu. Wakala wa simu anakata asilimia yake kabla hajakupa noti, kwa hiyo dola 20 zilizolipwa na mgeni si dola 20 mkononi. Na mgeni mwenye noti naye hajamaliza matatizo: noti ya dola yenye mchaniko mdogo ukingoni, au muhuri wa wino, haipokelewi Goma. Mama mwenye nyumba anaishika kwenye mwanga, anaigeuza, anairudisha. Mgeni anatafuta nyingine mfukoni, na kama hana, amelala bure au analala kwingine.

"Nyumba iliyojaa ni nyumba inayoingiza." Uongo, na huu ndio unaouma zaidi.

Hesabu kwanza. Tuseme nyumba mbili jirani, kila moja ina vyumba vitatu, mwezi wa siku 30. Kila nyumba ina usiku 90 wa kuuza. Nyumba ya kwanza inalaza kwa dola 15 na inauza usiku 81: ujazo wa 90%, mapato dola 1,215. Ya pili inalaza kwa dola 25 na inauza usiku 50: ujazo wa 56%, mapato dola 1,250. Mpaka hapo zinakaribiana. Sasa ongeza gharama ya kila usiku: maji ya kuoga, ambayo mara nyingi ni mabidoni ya lita 20 yaliyobebwa kwa mgongo au kwa pikipiki, mkaa wa kuyachemsha, sabuni ya shuka, chai na mkate wa asubuhi. Weka dola 5. Nyumba iliyojaa inatumia 405 na kubaki na 810. Nyumba iliyojaa nusu inatumia 250 na kubaki na 1,000. Yenye vitanda vitupu imeizidi jirani yake kwa dola 190, na shuka zake zimechakaa kidogo.

Tarakimu hizi ni za mfano tu, kila mtu aweke zake. Lakini aziweke zote, pamoja na mlinzi na umeme wa kulipia kabla, ambao mita yake inasoma hata chumba kikiwa tupu.

Kuna ujazo mwingine ambao daftari halioni kabisa. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ulilipuka jioni, na lava ikasimama karibu na uwanja wa ndege. Alfajiri ya tarehe 27 gavana wa kijeshi akaamuru watu wahame mitaa 10 kati ya 18 ya mji, Murara ukiwemo. Watu karibu laki nne waliondoka kwenda Sake, Rutshuru, Gisenyi, Bukavu kwa boti. Wenye vyumba vya Murara, waliokuwa wakipokea wageni, wakawa wageni wenyewe. Amri ya kurudi kwa awamu ilitolewa tarehe 7 Juni. Waliorudi walirudi na jamaa ambao nyumba zao kule teritori ya Nyiragongo zilikuwa zimefunikwa, na vyumba vya kulaza wageni vikawa vya shangazi na watoto wake.

Ilikuwa vivyo hivyo Februari 2024 mapigano yalipoifikia Sake. Dunia iliona kambi za Bulengo na Lushagala. Haikuona nyumba za mjini, ambako familia zilipokea familia: watu tisa kwenye chumba kilichokuwa na bei ya dola 15 kwa usiku. Ujazo ulizidi asilimia mia, na mapato yalikuwa sifuri. Anayetaka kujua uchumi wa vyumba vya Goma na kuiacha hesabu hii ameacha sehemu kubwa kuliko zote. Wenye nyumba waliofanya hivyo walilipa kwa mapato yao, mwezi baada ya mwezi, bila shirika lolote kuwaandika kwenye ripoti, na wanastahili heshima tunayowapa wafadhili wa kweli, kwa sababu ndivyo walivyo.

"Kulaza kwa usiku kunazidi kupangisha kwa mwezi." Mara nyingine.

Rudi kwenye ile nyumba inayobakiwa na dola 1,000 mwezi mzuri. Tuseme mwaka wake una miezi mitano mizuri, minne ya kawaida yenye 500, na mitatu ambayo mlango fulani umefungwa na hakuna kitu. Jumla ni dola 7,000. Nyumba hiyohiyo ikipangishwa kwa mwaka kwa dola 600 kila mwezi inaleta 7,200, na mwenye nyumba hajamlipa mtu wa kufua, wala hajaamshwa alfajiri. Faida ya kulaza inategemea kabisa hiyo miezi mitatu. Ikiwa mmoja tu, kulaza kunashinda kwa mbali. Ikiwa mitano, kupangisha kunashinda kwa mbali.

Ila usalama wa kupangisha nao usitiwe chumvi. Mpangaji wa mwaka akipoteza kazi, kama waajiriwa wengi wa mashirika walivyopoteza 2025, kodi inakatika na chumba bado kina mtu. Hapo ndipo garanti, yaani amana anayoweka mpangaji mwanzoni, inapofanya kazi. Sheria ya 31 Desemba 2015 kuhusu nyumba za kuishi inaweka garanti isiyozidi miezi mitatu. Wapo wanaodai sita, na komisioneri, yaani dalali, naye anadai chake juu yake. Kumbana mtu aliyekimbia vita kwa miezi sita ya garanti ni kosa la sheria, na kwangu mimi ni kosa la utu kabla ya hapo.

Wajanja wa mtaa wanachanganya: vyumba viwili kwa mwezi, kimoja kwa usiku. Viwili vinalipa mlinzi na umeme, cha tatu kinacheza na msimu.

"Watalii ndio soko." Uongo, angalau kwa Murara.

Hata siku njema za Hifadhi ya Virunga, kilele cha Nyiragongo kilikuwa na vibanda 12 vya watu wawili wawili. Kwa hiyo mojawapo ya volkano maarufu za Afrika ilikuwa na nafasi ya wageni 24 kwa usiku, na wengi wao walilala Gisenyi au kando ya ziwa kabla ya kwenda Kibati kuanza kupanda. Mei 2018 hifadhi ilifungwa baada ya mlinzi Rachel Masika Baraka kuuawa na watalii wawili Waingereza kutekwa, ikafunguliwa Februari 2019, ikafungwa tena Machi 2020 kwa korona. Mfanyabiashara wa maharage hakuacha kuja hata mwaka mmoja kati ya miaka hiyo.

"Ingia kwenye intaneti, utaona soko lote." Uongo.

Zipo tovuti zinazokadiria ujazo na mapato ya mji wowote duniani kwa kusoma kalenda za nyumba zilizotangazwa. Zinafaa Nairobi au Mombasa, ambako matangazo ni maelfu. Goma matangazo ni machache, na mengi ni ya nyumba kubwa za kando ya ziwa, kwa hiyo bei ya wastani inayotoka pale ni ya Himbi, si ya Murara. Nyumba tatu zenye jenereta na bustani zinatosha kuuinua wastani wa mji mzima. Na kalenda yenyewe haisemi kweli. Siku iliyozibwa inaweza kuwa ya mgeni aliyepiga simu moja kwa moja, au ya mwenye nyumba aliyeogopa hali ya usalama akafunga mwenyewe. Kompyuta inaziona sawa.

Soko la kweli la Murara lipo kwenye simu. "Mama, chumba iko?" "Iko, papa. Unatokea wapi?" Swali la pili ni la usalama na la bei kwa pamoja. Anayetokea Bukavu kwa meli ya usiku atafika na jua, atataka kuoga na kulala mpaka saa sita, hivyo chumba chake lazima kiwe tupu tangu jana yake: umemuuzia usiku mmoja, umetumia miwili. Wanaolijua hili wana bei ya asubuhi. Majibu yanaandikwa kwenye daftari la mistari: jina, anakotoka, anakokwenda, namba ya simu, amelipa nini, na kiongozi wa nyumba kumi anaweza kuja kulitazama wakati wowote. Daftari hilo likitunzwa mwaka mzima linajua mengi kuliko tovuti yoyote, hasa kama lina safu moja ambayo wengi hawaiweki: waliouliza wakakosa. Bila hiyo hujui kama umejaza kwa sababu bei ni nzuri au kwa sababu ni ndogo mno.

"Wageni wa usiku ndio wanaotufukuza kwenye nyumba." Kwa sehemu.

Bei zilizopanda baada ya 1994 na 2002 zilivutwa zaidi na mikataba mirefu ya mashirika kwenye nyumba kubwa, na wenyeji waliosukumwa kutoka ziwani ndio waliokwenda kuongeza bei Murara na Katoyi. Chumba cha mfanyabiashara wa usiku mmoja kinafanya hivyo kidogo sana. Lakini kilio cha mpangaji ni cha haki: kila chumba kinachogeuzwa kuwa cha wageni ni kimoja kidogo kwa mwalimu anayetafuta pa kuishi.

"Uwanja ukifunguliwa, yote yatarudi." Kweli kwa nusu, na inafaa kujua nusu ipi.

Ndege ikitua tena kwa abiria wa kawaida, wa kwanza kurudi ni wasafiri wa Kinshasa na wagonjwa, maana hao hawana njia fupi nyingine. Wafanyabiashara wa Butembo wanangoja barabara, si ndege. Kwao, kila kilo ya mzigo angani inakula faida, na lori likipita Rutshuru bila hofu wataonekana wiki ileile. Watu wa mashirika wanangoja fedha za wafadhili, ambazo zilikatwa 2025 na zina kalenda yake huko Washington na Brussels. Benki ndiyo inayowagusa wote kwa pamoja, kwa sababu siku mgeni atakapolipa dola 20 na mama mwenye nyumba akapata dola 20, bei ya chumba itaacha kubeba asilimia ya wakala. Anayepanga kununua godoro jipya atazame kwanza mlango wa benki, kisha barabara ya Rutshuru, ndipo uwanja wa ndege.